Lugha Ndogo na Wajibu wa Lugha Kubwa

Wahenga walituachia methali isemayo: Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii twaitumia mara kwa mara tunapohukumu mambo ya watu, kama vile mgomvi aliyeshindwa, mpinzani asiyependwa, au jirani maskini. Ni nadra kuitumia tunapofikiri juu ya lugha. Makusudi ya makala haya ni kuipeleka huko, na kuuliza kama katika jamii ya lugha za wanadamu nako hakuna wanyonge ambao haki yao haijatolewa.

Dunia ya leo ina lugha zipatazo 7,000. Tuzitajazo kila siku ni chache: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kiswahili na nyingine kadha wa kadha. Zilizobaki, yaani karibu zote, hazina gazeti wala kitabu cha shule, na nyingi kati yake hatujapata kusikia hata majina yake. Mwaka 1992 mwanaisimu Michael Krauss wa Alaska alionya kwamba sehemu tisa katika kumi za lugha hizo huenda zikafa katika karne ya 21, au zikawa zimefikia mahali ambapo kufa kwake hakuzuiliki tena. Wataalamu wengine wamekadiria kuwa ni nusu. Hata tukishika kadirio hilo dogo, bado tunazungumza juu ya maelfu ya lugha.

Swali letu ni hili: lugha inapokufa, je, kuna mtu aliyedhulumiwa? Na kama yuko, aliyemdhulumu ni nani? Swali hili si la wanaisimu peke yao. Linatugusa sisi kwa namna ya pekee, kwa kuwa taifa letu lina lugha zaidi ya 100, nalo limejengwa juu ya moja. Tena lugha hiyo moja, ambayo tuna haki ya kujivunia, imo ndani ya kisa kitakachotuongoza katika mjadala huu.

Baba aliyetabasamu

Katika mwaka ule ule wa 1992, Krauss, Kenneth Hale na wenzao waliandika katika jarida la Chama cha Wanaisimu cha Marekani, wakiwataka wanaisimu wote wazinduke na kuziokoa lugha zinazokufa. Peter Ladefoged, bingwa wa elimu ya matamshi, aliwajibu. Yeye alikuwa amefanya kazi nchini Kenya miongoni mwa Wadahalo, watu wenye asili ya uwindaji waishio sehemu za pwani, karibu na mahali Mto Tana uingiapo baharini. Lugha yao, Kidahalo, ni ya jamii ya Kikushi, na wasemaji wake ni mamia machache tu. Ina vidoko, yaani sauti zitolewazo kwa kubana ulimi na kuubandua ghafla, kama ile tuitoayo tunapomhimiza punda. Katika Afrika ya Mashariki yote ni lugha tatu tu zenye sauti hizo: Kidahalo cha Kenya, na Kihadza na Kisandawe cha Tanzania.

Ladefoged anasimulia kwamba alimwuliza Mdahalo mmoja kama wanawe, ambao walikuwa vijana, wanaisema lugha yao. Baba huyo alijibu kwamba bado wanaisikia, ila hawawezi kuisema. Wao husema Kiswahili tu. Aliyasema hayo huku akitabasamu, bila dalili ya majuto. Alijivunia kuwa wanawe wamekwenda shule na wanayajua mambo ambayo yeye mwenyewe hayajui. Ndipo Ladefoged akajiuliza, yeye ni nani hata aseme kwamba mtu yule amekosea?

Swali la Ladefoged ni zito, wala halijibiki kwa maneno mepesi. Sisi tumezoea kusema kuwa Mwacha mila ni mtumwa. Lakini nani kati yetu angethubutu kusimama mbele ya baba yule na kumtamkia methali hiyo? Angekuwa na haki ya kutuuliza: Je, mlinijengea shule iliyomfundisha mwanangu kwa Kidahalo? Je, mganga wa zahanati, karani wa tarafa na mwenye duka wakamjibu kwa Kidahalo? Methali hiyo, ikitamkwa na mtu ambaye mila yake haimgharimu chochote, hugeuka kuwa tusi kwa yule ambaye mila yake imemgharimu chakula na heshima.

Kwa hiyo tusianze kwa kumhukumu mzazi. Yeye amefanya mapatano: ametoa kitu, na badala yake amepata kingine. Mtu mwenye haki akitaka kuyapima mapatano hutazama mambo matatu. Hutazama kitu kilichotolewa, hutazama bei, na hutazama kama aliyetoa alikuwa na hiari. Nasi tufuate njia hiyo.

Kitu kilichotolewa

Baadhi ya watu husema kuwa lugha ni chombo tu cha kupelekeana habari. Chombo kimoja kikivunjika, kipo kingine, na habari hufika vilevile. Maneno haya yana ukweli, maana hakuna jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa lugha yoyote iwapo msemaji atakuwa na subira. Lakini mwanaisimu Roman Jakobson alitufundisha kutazama upande wa pili. Tofauti kubwa kati ya lugha haiko katika yale zinayoweza kuyasema. Iko katika yale zinayomlazimisha msemaji ayaseme.

Mfano tunao nyumbani. Mswahili akisema "amefika", amekwisha kusema kuwa tendo limetimia, lakini hakulazimika kusema kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza hawezi kuyataja mambo hayo hayo kwa kiwakilishi cha kawaida bila kufichua jinsi ya mtu. Tofauti ni ndogo, lakini hurudiwa mara elfu kila siku, tangu utotoni hadi uzeeni, na kila lugha humzoeza mtu wake kuangalia mambo fulani bila kuchoka.

Sasa tutoke nyumbani twende kwenye bonde la Mto Vaupés, mpakani mwa Kolombia na Brazili, katika misitu ya Amazon. Huko husemwa Kituyuca, lugha ya watu wachache sana. Mtuyuca akitaka kusema kwamba mtoto amekwenda mtoni, hawezi kulisema jambo hilo hivi hivi. Kitenzi chake lazima kichukue alama inayoonyesha amelijuaje: amemwona kwa macho, au amesikia sauti yake, au ameona nyayo na kukisia, au ameambiwa na mtu, au anadhani tu kwa kuwa ndiyo desturi ya mtoto yule. Njia ni tano, na sharti achague moja. Sisi tukitaka twaweza kuongeza maneno "nasikia" au "nadhani", na tusipotaka twaweza kuyaacha, na uvumi ukapita kama habari ya kweli. Kwa Mtuyuca kuacha si ruhusa ya sarufi. Haina maana kwamba Watuyuca hawasemi uongo. Wanadamu ni wanadamu. Maana yake ni kwamba jamii ile, kwa vizazi ambavyo hakuna ajuaye idadi yake, imejenga ndani ya kitenzi swali ambalo mwalimu wa historia na hakimu wa mahakama hulifundisha kwa taabu: Umejuaje?

Twende tena Australia ya kaskazini, katika jimbo la Queensland. Mwaka 1770 mabaharia wa James Cook walikaa kwenye mlango wa mto mmoja kutengeneza merikebu yao, na kutoka kwa wenyeji waliandika jina la mnyama mmoja wa ajabu. Jina hilo sasa liko katika lugha nyingi za dunia, na kwetu ni "kangaruu". Lugha iliyolitoa inaitwa Guugu Yimithirr, nayo ni wachache waijuao hata kwa jina. Katika lugha hiyo ya jadi msemaji hakuelekeza vitu kwa "kulia" na "kushoto" kwake. Aliviweka kwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, hata vitu vidogo vilivyo karibu: kibuyu kiko mashariki ya chungu, inzi ametua upande wa kusini wa goti lako. Mtu aliyelelewa hivyo hana budi kujua wakati wote, mchana na usiku, ndani ya nyumba na nje, dunia imekaaje. Sisi hujifanya kitovu, na tukigeuka, kulia na kushoto kwetu hugeuka pamoja nasi. Mbinu ile humfanya mtu kuwa kitu kimoja kati ya vitu vilivyomo duniani.

Tena kuna yale yanayohusu kinywa chenyewe cha mwanadamu. Huko Uturuki alifariki mwezi wa Oktoba 1992 mzee Tevfik Esenç, msemaji wa mwisho aliyeijua barabara lugha ya Kiubykh. Wazee wake walikuwa wakazi wa milima ya Caucasus, ufukoni mwa Bahari Nyeusi, na mwaka 1864, baada ya ushindi wa majeshi ya Urusi, walihamia wote katika Dola ya Waturuki. Kiubykh kilikuwa na konsonanti zaidi ya 80, na kwa hesabu ya wanaisimu wengi irabu mbili tu. Laiti mzee yule asingefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na mtaalamu wa Kifaransa Georges Dumézil na wengine, pengine leo wanafunzi wa fonetiki wangefundishwa kwamba lugha ya namna hiyo haiwezekani.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, watu wapatao 1,000 hivi, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Kwa Kihadza, baadhi ya wanyama wakubwa wana majina mawili: moja la mnyama aliye hai, na jingine la mnyama yule yule akisha kuuawa na wawindaji. Neno moja tu linatangaza habari, linasifu kazi, na linawaita watu kwenye nyama. Kihadza kina jambo jingine la kutufundisha, nalo ni kwamba udogo si ugonjwa. Watoto wa Wahadza wanaendelea kujifunza lugha hiyo kwa wazazi wao, na lugha yenye watoto iko hai, hata ikiwa wasemaji wake wote wanaweza kuketi katika uwanja mmoja wa shule.

Basi kinachotolewa katika mapatano yetu si ala inayofanana na ala nyingine. Ni namna moja ya kuwa makini, iliyojaribiwa na watu wengi kwa muda mrefu, na ambayo hakuna mtu mmoja awezaye kuibuni upya.

Bei na hiari

Tumeona thamani ya kitu. Na tutazame bei. Wapo wasemao kwamba kufa kwa lugha ni jambo la kimaumbile. Lugha ya Wasumeri ilikufa, ya Wamisri wa kale ilikufa, na dunia haikusimama. Hoja hii inafanana na ya mtu asemaye kuwa kila binadamu hufa, kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza huyu amekufaje. Daktari na hakimu hawakubali hoja hiyo, nasi tusiikubali. Lugha haina mwili unaozeeka. Hufa pale tu ambapo watu wanaacha kuwasemesha watoto wao kwa lugha hiyo, na watu hawaachi jambo kama hilo bila sababu.

Tutazame Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, katika nchi ya Laikipia huko Kenya. Hawa walikuwa wawindaji na warina asali. Asali ilikuwa mali yao, na mahari ililipwa kwa mizinga ya nyuki. Majirani zao walikuwa wafugaji wasemao Kimaasai, ambao kwao mtu asiye na ng'ombe ni fukara, hata awe na mizinga mingapi. Mambo yalipobadilika katika miaka ya utawala wa Waingereza, na mahari ikaanza kudaiwa kwa mifugo, Myaaku aliyetaka kuoa au kuoza alilazimika kuingia katika uchumi wa jirani yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 waliacha mapangoni na kushika mifugo, na pamoja na mifugo wakashika Kimaasai. Hakuna aliyewachapa fimbo ili waache Kiyaaku. Ilitosha kwamba kila kilichoheshimiwa kilikuwa na jina la Kimaasai, na kila kilichodharauliwa kilikuwa na jina la Kiyaaku. Kwa upande wetu wa mpaka, Waasax wa nyika za Wamaasai walipitia njia kama hiyo, na lugha yao ilinyamaza katika miaka ya 1970.

Pengine fimbo ilikuwapo hasa. Katika shule za Wales, katika karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivikwa kibao cha mti shingoni. Aliweza kukivua kwa njia moja tu: kumsikia mwenzake akifanya kosa hilo hilo na kumkabidhi. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mchezo wa namna hiyo ulivyofanywa katika shule za Kenya ya kikoloni dhidi ya watoto waliosema Kikuyu. Mwalimu yeyote ayafikiri haya vizuri. Ubaya wake haukuwa katika kiboko peke yake, maana kiboko kilitumika kwa makosa mengi. Ubaya ulikuwa katika somo lililofundishwa bila kuandikwa ubaoni: kwamba sauti ya mama yako ni kosa, na kwamba njia ya kujiokoa ni kumsaliti ndugu yako. Mtoto aliyefuzu somo hilo, akiwa mzazi, hahitaji kuvikwa kibao tena. Atakivaa moyoni, na atawasemesha wanawe kwa lugha nyingine akidhani kuwa amechagua mwenyewe.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Baba wa Kidahalo hakudanganyika kuhusu thamani ya shule. Shule ni kitu chema, na Kiswahili ni kitu chema, na furaha yake ilikuwa ya haki. Lakini aliambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba vitu viwili hivyo haviwezi kukaa katika nyumba moja: ama shule ama lugha ya wazee. Na hilo si kweli. Mapatano yaliyojengwa juu ya neno lisilo la kweli si mapatano ya haki, hata kama aliyepunjika anaondoka sokoni akitabasamu.

Tena kuna mtu wa tatu ambaye hakuwapo sokoni. Nancy Dorian, ambaye alichunguza kwa miaka mingi Kigaeli cha wavuvi wa Sutherland Mashariki katika Scotland, alimjibu Ladefoged mwaka 1993. Alikumbusha kwamba mara nyingi wazazi wanaoacha lugha hawajuti, bali ni kizazi kinachofuata kinachokuja kuuliza kwa nini hakikupewa urithi wake. Mzazi ana mamlaka juu ya mambo mengi ya mwanawe. Lakini urithi alioupokea kutoka kwa waliomtangulia, je, ni wake peke yake kiasi cha kuukomesha? Simjibii mzazi, nasema tu kwamba mjukuu naye ana hoja, na hoja yake haikusikilizwa.

Hoja ya umoja

Hapana shaka msomaji mzalendo atakuwa na wasiwasi. Atasema: Sisi tumejionea neema ya lugha moja. Kwa Kiswahili tulidai uhuru, kwa Kiswahili mtu wa Kagera huelewana na mtu wa Mtwara, na nchi ambazo hazikupata bahati hiyo zimeona taabu. Je, kuzikuza lugha ndogo si kuufufua ukabila?

Hoja hii ni ya kweli katika sehemu yake ya kwanza, na mtu anayeibeza haijui historia yetu. Lakini sehemu ya pili haiifuati ya kwanza. Umoja ulitutaka tuwe na lugha moja ya pamoja. Haukututaka tuwe na lugha moja tu. Turudi kule Vaupés. Miongoni mwa Watuyuca na majirani zao kuna desturi kwamba mtu haoi ndani ya lugha yake. Lugha ya baba ndiyo inayotambulisha ukoo, na anayesema lugha hiyo ni kama ndugu yako. Kwa hiyo mke sharti atoke katika watu wa lugha nyingine. Kila mtoto huzaliwa katika nyumba yenye lugha mbili au zaidi, na mtu mzima anayejua lugha tatu au nne si kioja. Hawa hawana chuo kikuu, hawana vitabu vya mbinu za kufundishia, na bado wametatua jambo ambalo sisi twadai haliwezekani. Kwao tofauti ya lugha haikuwa ukuta kati ya watu. Ndiyo iliyokuwa sababu ya kuoana.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Neno "ikulu" tulilichukua kutoka katika lugha za bara kama Kinyamwezi, na neno "ngeli", ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analijua, lilitoka Kihaya. Lugha hizo hazikuidhoofisha lugha ya taifa, ziliilisha. Mto mkubwa hauna sababu ya kutamani vijito vikauke.

Tena tukumbuke kipimo tunachowapimia wengine. Kwa miaka mingi tumelalamika, na kwa haki, juu ya wenzetu wenye kasumba ya kudhani kuwa elimu ni Kiingereza na kwamba anayesema Kiswahili ofisini ni mshamba. Tumedai kwamba lugha yetu ina uwezo, ina heshima, na haistahili kusukumwa pembeni kwa sababu tu lugha nyingine ina nguvu zaidi za fedha. Mwalimu Nyerere alipofasiri tamthilia za Shakespeare, alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote. Leo UNESCO inakitaja Kiswahili kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200, na mwaka 2021 ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Basi tumekuwa wakubwa. Na mkubwa hupimwa kwa jinsi anavyomtendea mdogo wake. Hoja tunazozitoa mbele ya Kiingereza ni hoja zile zile ambazo Kidahalo kingezitoa mbele yetu, lau kingekuwa na wakili. Hatuwezi kuziita haki tunapodai na kuziita usumbufu tunapodaiwa.

Yatupasayo

Je, tumlazimishe Mdahalo aseme Kidahalo? La, hasha. Kumfungia mtu ndani ya lugha yake ili wageni waje kumsikiliza ni dhuluma nyingine, tena ya dharau zaidi. Lugha ni mali ya wasemaji wake, na neno la mwisho ni lao. Wajibu wa lugha kubwa ni mdogo kuliko huo, nao unatekelezeka: kuuondoa ule uongo wa "ama hiki ama kile", na kuuacha mlango wazi.

Serikali zina sehemu yake. Sera ya Utamaduni ya Tanzania ya mwaka 1997 ilikubali kwamba lugha za jamii ni hazina ya kutunzwa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za watu wake wote. Maneno hayo ni mema. Yahitaji kamusi, kanda za sauti na mishahara ili yawe matendo. Walakini serikali peke yake haiwezi kumsemesha mtoto. Wamaori wa New Zealand walipoona mwaka 1982 kwamba lugha yao inabaki vinywani mwa wazee, walianzisha shule za watoto wadogo walizoziita viota vya lugha, ambamo bibi na babu wenyewe ndio waliokaa na watoto na kuwasemesha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1987, Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Sheria ilikuja nyuma ya bibi.

Hata mlango uliokwisha kufungwa umepata kufunguliwa. Wawampanoag wa Massachusetts, huko Marekani, walikaa zaidi ya miaka 100 bila msemaji hata mmoja. Lakini lugha yao ilikuwa imeandikwa: Biblia iliyochapishwa mwaka 1663, na hati na barua ambazo wazee wao waliziandika kwa mikono yao. Katika miaka ya 1990 Jessie Little Doe Baird, mwanamke wa kabila hilo, alianza kujifunza isimu chini ya Kenneth Hale, yule yule aliyewataka wenzake wazinduke mwaka 1992. Kwa kuzichambua karatasi zile aliijenga upya lugha, akamlea binti yake kwa lugha hiyo. Waandishi wa hati zile za karne ya 17 hawakujua kwamba wanamwandikia mtoto huyo. Walitunza tu; na kwa kuwa walitunza, mjukuu wa mbali alipata nafasi ya kuchagua.

Ama kwa mwalimu, wajibu wake uko karibu zaidi. Asimcheke mtoto ambaye lafudhi ya nyumbani inasikika katika Kiswahili chake. Asiruhusu darasani mwake neno "kilugha" litamkwe kana kwamba ni jina la maradhi. Anapofundisha ngeli, awaulize wanafunzi lugha zao za nyumbani zinagawaje majina. Atastaajabu kuona jinsi sarufi, somo lililoonekana kavu, linavyopata uhai. Na mwanafunzi, ambaye pengine babu yake anasema lugha ambayo yeye anaisikia tu bila kuisema, ana kazi asiyoweza kuifanya mtu mwingine. Achukue daftari wakati wa likizo. Aulize majina ya miti, ya samaki, ya pepo za msimu, na ya ndugu wa ukoo. Aulize methali na maana zake. Asiache kuandika tarehe, mahali, na aliyesimulia, ili atakayesoma baadaye, kama Mtuyuca, aweze kuona jambo hilo limejulikanaje. Kazi hii haiombi fedha wala kibali, isipokuwa idhini ya mzee mwenyewe.

Twarudi sasa kwenye swali letu. Lugha inapokufa, kuna mtu aliyedhulumiwa? Nimejaribu kuonyesha kwamba yuko. Ni mzazi aliyeambiwa achague pale ambapo hapakuwa na haja ya kuchagua, na ni mjukuu ambaye hakuulizwa. Aliyewadhulumu mara nyingi hana jina, kwa sababu ni wengi: ni kila mmoja wetu mwenye lugha kubwa aliyenyamaza au aliyecheka. Wahenga hawakusema kwamba mnyonge atashinda. Walisema apewe haki yake. Haki ya lugha ndogo ni kwamba watoto wake wasiione aibu, na kwamba siku wakitaka kuirudia, waikute mahali ilipowekwa. Kiswahili kimefika mahali ambapo kinaweza kutoa haki hiyo bila kupungukiwa na kitu.